Si Kila Mzito ni Mvivu

Mara nyingi katika safu hii tumewakemea wafanyakazi wanaosinzia mezani, wanaochelewa kufika kazini na wanaojikokota kama waliotwishwa gunia la mbata. Hatuyafuti tuliyoyasema, kwani uvivu upo, na unavirudisha nyuma visiwa vyetu. Lakini leo tuna neno la kukiri mbele ya wasomaji.

Miaka michache iliyopita, tukiwa na dhamana ya kusimamia ofisi moja, tulimwandikia karani mmoja, mama wa makamo, barua mbili za onyo. Alikuwa hodari wa kazi, kisha akawa mzito. Akisahau majalada, akivaa sweta mchana wa Kaskazi, sauti ikimkwaruza, uso umemvimba. Sisi tulisema amelewa cheo. Kwao walisema ana shetani, na fedha nyingi zikateketea kwa waganga. Barua ya tatu, ya kumwachisha kazi, ilikuwa inangoja saini yetu siku aliporudi hospitali na karatasi ya maabara. Imeandikwa TSH, na mbele yake 62. Hatukujua maana yake, wala yeye hakujua, kwa sababu aliyempa karatasi ile hakumweleza neno. Tulipoelezwa baadaye na daktari mwenye subira, tuliona haya.

Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, iko tezi yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Kazi yake ni kutoa homoni ya thairoksini, ambayo wapimaji huiandika T4, na nyingine iitwayo T3. Homoni hizi ndizo zinazoamua mwendo wa mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, hata wepesi wa fikra. Chini ya ubongo iko tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo huisimamia thairoidi kwa kuipelekea TSH.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya karafuu wataufahamu mfano huu, ingawa siku za manokoa zimepita na hatuzitamani. Wachumaji wakilegea, nokoa hupiga kelele. Wakizidisha kazi kwa pupa yao wenyewe, yeye hunyamaza. TSH ndiyo sauti ya nokoa. Ikiwa juu na T4 iko chini, thairoidi imelegea, na mgonjwa huona baridi, huchoka, huongezeka uzito na kufunga choo. TSH ikiwa chini kabisa na T4 iko juu, thairoidi imepindukia, na mgonjwa hukonda ilhali anakula, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu TSH ya kiasi cha 0.4 hadi 4.0 kuwa ya kawaida. Hata hivyo kila maabara ina mipaka yake, nayo huchapwa pembeni ya jibu. Asomaye namba bila ya kutazama mipaka hiyo amesoma nusu ya karatasi.

Wapo wanaokimbilia dawa kwa tofauti ndogo. TSH ikipanda kidogo, tuseme 6, na T4 ni ya kawaida, mara nyingi busara ni kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa, maana hupanda na kushuka yenyewe. Ikipita 10 hapo ndipo madaktari wengi hufikiria matibabu. Mama mjamzito ana hesabu yake mbali: miezi mitatu ya mwanzo TSH hushuka kwa sababu ya homoni ya mimba, na kumpima kwa mizani ya wasio na mimba ni kumkosea. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini, vinavyouzwa siku hizi kila duka, vinaweza kuivuruga mashine ikatoa jibu la uongo. Mwenye kuvitumia na amwambie mpimaji kabla hajatoa damu.

Zaidi tunawaomba wauguzi wetu wamkumbuke mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha akakosa maziwa na hedhi isirudi. Huenda pituitari yake imedhurika. Hapo nokoa mwenyewe ndiye mgonjwa, hana sauti ya kupiga kelele. TSH itaonekana ya kawaida na mama ataambiwa ni mzima. Bila ya kupima T4 pamoja nayo, ukweli hautajulikana.

Dawa ya tezi iliyolegea ni kidonge cha levothairoksini, humezwa kila siku tumbo likiwa tupu, mbali na vidonge vya chuma na vya kalisi. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwani mwili hauendi kwa amri kama gwaride. Mwezi wa Ramadhani si sababu ya kuacha. Wengi humeza wakati wa kulala, au kitambo kabla ya daku, kwa kushauriana na daktari.

Jambo jingine linawahusu wenye dhamana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa sisi watu wa visiwani, walaji wa samaki, hatuwezi kupungukiwa na madini joto, ambayo thairoidi haiwezi kufanya kazi bila ya hayo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulibatilisha dhana hiyo. Wanafunzi wa skuli Pemba walikutwa na kiwango cha kati katika mkojo kilicho chini ya mikrogramu 100 kwa lita, mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani, na chumvi iliyotiwa madini hayo ilikuwa nadra mno majumbani mwao. Chumvi ya kuanikwa juani, japo imetoka baharini, ina madini joto machache sana. Muhogo nao, usipoandaliwa vyema, huizuia tezi kuyapokea. Na hapa kipimo cha damu hakitoshi: TSH inaweza kuwa ya kawaida katika kijiji chenye upungufu. Afisa anayetaka kujua hali ya kijiji apime mkojo, na apime chumvi ya madukani.

Kuna na watoto wachanga. Mahali pengi duniani, mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na thairoidi isiyofanya kazi, na siku za mwanzo huonekana mzima. Akianzishiwa dawa ndani ya wiki mbili hukua kama wenzake. Akichelewa, akili hudumaa na hairudi. Tone la damu ya kisigino likikaushwa juu ya karatasi latosha kumgundua. Jean Dussault alianzisha upimaji huo Quebec, Kanada, katika miaka ya 1970. Tunauliza, na tunataka jibu la takwimu: mtoto anayezaliwa leo Micheweni au Makunduchi anapimwa?

Pia tunataka majibu ya maabara yaelezwe kwa Kiswahili fasaha kwa mgonjwa mwenyewe, kabla hajatoka mlangoni.

Karani wetu yupo kazini na majalada yake yamenyooka. Barua zile mbili za onyo, zenye saini yetu, zingali katika faili lake. Tumeandika kuomba ziondolewe, na tunangoja jibu.