Staa wetu, fowili haisimamishi gari kwenye utelezi!

Wadau, ile klipu ya staa mmoja wa Bongo (jina kapuni) akikimbiza pikapu kwenye mvua huku washkaji wamejazana nyuma wanacheza, wengi mmeipigia makofi. Mimi imenitisha.

Pikapu ikiwa tupu, uzito mwingi uko mbele kwenye injini, nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga mafuta ghafla kwenye kona yenye maji, mkia unahama. Najua mtasema, "Si ina fowili?" Sawa, fowili inakusaidia kuondoka kwenye tope, lakini haifupishi breki. Na mvua za kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya zaidi, maana vumbi na oili vinafanya lami iteleze kama sabuni.

Dawa ni ndogo tu: punguza mwendo kabla ya kona, acha nafasi kubwa mbele yako, tupa tairi kipara. Ukitaka nyuma patulie, weka mzigo uliofungwa vizuri, siyo watu. Watu wa nyuma hawana mkanda. Gari likiserereka, wao ndo wa kwanza kurushwa.

Kaka, klipu utarekodi nyingine kesho. Mshkaji je? Mnasemaje wadau, nakosea?