Chifu Aliyesimama Kaburini na Jina Lisilofutwa

Sosiot ndiko makao ya kaunti ndogo ya Belgut, na ofisi zilizoko hapo zina kazi nyingi. Ipo moja isiyo na udhuru: kujua nani amezaliwa na nani amefariki.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 serikali ilianza kuhesabu watu, na Kaunti ya Kericho ikaonekana kuwa na wakazi 901,777. Wako maafisa wanaodhani kazi iliishia hapo. Sensa huja mara moja kila miaka 10. Watu huzaliwa na kufa kila siku, na naibu chifu ndiye aliyekabidhiwa kuandikisha vizazi na vifo vinavyotokea majumbani katika kata ndogo yake. Miezi 6 ikipita kabla mtoto hajaandikishwa, usajili huhitaji idhini maalum, na mzazi huanza kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Katika nchi ya majani chai, kuzungushwa huko kuna bei. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Asubuhi anayoitumia kukaa kwenye benchi nje ya ofisi iliyofungwa kwa kufuli ni asubuhi ambayo kikapu chake hakikupimwa. Ukimwambia arudi kesho, umemnyima ujira wa siku mbili kwa karatasi ambayo ni haki ya mtoto wake. Na anayemdai kitu kidogo ndipo aiandike ni mwizi, hata akiwa amevaa kofia ya serikali.

Walio hatarini zaidi ni wakazi wa nyumba za mashamba makubwa. Wengi walitoka Kisii na sehemu nyingine za Nyanza, na Magharibi. Mashine za kuchuma chai zimewapokonya wengi wao kazi, nao hufunga virago na watoto waliozaliwa Kericho. Mtoto wa namna hiyo akikosa cheti, chifu wa huku atasema ameondoka, wa kule atasema hamjui. Wasimamizi wa mashamba nao wasijifiche nyuma ya malango yao: watu wanaoishi humo ni raia, na naibu chifu lazima afunguliwe njia awafikie.

Upande wa vifo, aibu ni kubwa zaidi. Ukaguzi wa daftari la wapiga kura kabla ya uchaguzi wa 2022 uligundua marehemu zaidi ya 240,000 nchini wakiwa bado wameorodheshwa. Hakuna asiyejua matanga ya huku yalivyo. Chifu au naibu wake hakosi. Hupewa kipaza sauti, hutoa matangazo ya serikali, huonya kuhusu chang'aa, kisha husimama kando ya kaburi. Aliyeshuhudia udongo ukirudishwa atasemaje kwamba hakupata habari za kifo hicho?

Tunajua wazee wa vijiji wamebeba kazi hii miaka mingi bila mshahara, na hilo ni deni la serikali kwao. Lakini chifu na naibu wake ni waajiriwa wanaolipwa kila mwezi. Tangu 2013 kumekuwa pia na tabia ya kutupiana mpira: serikali ya kaunti husema usajili ni wa serikali kuu, serikali kuu husema zahanati ni za kaunti. Muuguzi anayemchanja mtoto ana kadi ya kliniki mkononi. Hatapungukiwa na chochote akimuuliza mama kama mtoto ameandikishwa, na akipeleka jina kwa naibu chifu jioni hiyo hiyo.

Naibu kamishna wa kaunti aliyeko Sosiot aagize siku za kazi za kila naibu chifu zibandikwe mlangoni na kutangazwa barazani. Kila mwezi aitishe vitabu vyao, avilinganishe na orodha za chanjo na za mazishi, na kitabu chochote kitakachoonyesha kata ndogo nzima isiyozaa wala kufiwa, mwenyewe aitwe aeleze kwa maandishi.