Nauli nafuu, gharama ya nani?

Wapo wanaodhani kwamba kampuni inayotuletea teksi mlangoni kwa kubonyeza simu ni kampuni ya usafiri. La hasha! Aghalabu haina gari, hainunui petroli, wala haimlipi dereva mshahara. Kazi yake ni udalali: humkutanisha mwenye safari na mwenye gari, ikapanga nauli, kisha ikakata fungu lake.

Udalali si dhambi. Tangu Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015, na wenzake kama Bolt na Little wakaifuata, abiria ameondokewa na adha ya kupatana bei gizani. Huijua nauli kabla ya kupanda, na hulijua jina la dereva na nambari ya gari. Hayo ni mema, na mwungwana hakani mema.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, mwalimu na mwanafunzi, natufungue daftari.

Tuchukue safari ya shilingi 500. Kanuni za serikali za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18. Kampuni ikikata kiasi hicho itapata shilingi 90, na dereva atabaki na 410. Tuseme petroli na uchakavu wa gari vinamgharimu 250. Atasalia na 160, na humo atoe bima, mkopo wa gari na chakula cha watoto.

Sasa kampuni yashusha nauli hadi 350 ili kuwavuta abiria, na safari zawa mbili badala ya moja. Kampuni itapata 63 mara mbili, yaani 126. Je, dereva? Kila safari itamwachia 287. Akiondoa 250 atabaki na 37. Kwa safari mbili ni shilingi 74. Amefanya kazi maradufu, na pato lake limepungua kwa zaidi ya nusu; dalali naye amenenepa.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Kamisheni hukatwa katika nauli, haikatwi katika faida. Anayepanga bei si yule anayebeba gharama. Ndiyo maana madereva wa Nairobi waligoma mwaka 2016 Uber ilipopunguza nauli, na ndiyo maana mwaka 2024 baadhi yao walianza kuwadai abiria zaidi ya kiasi kilichoonyeshwa na simu. Abiria wengi waliwaona kuwa walaghai. Yamkini walikuwa wameshapiga hesabu hii.

Watetezi wa nauli nafuu hudai kwamba ni heri safari nyingi kuliko gari kusimama chini ya mti kutwa nzima. Hoja hiyo ina mashiko, maadamu kila safari inaacha faida ya haja. Isipoacha, wingi wa safari ni wingi wa hasara.

Kwa hivyo, kuwekea kamisheni kikomo pekee hakutoshi. Hata asilimia 18 ikishuka kuwa 10, kampuni inaweza kushusha nauli na dereva akarudi palepale. Kinachohitajika ni nauli ya chini kabisa inayofuata gharama. Bei ya petroli nchini hutangazwa kila mwezi. Ni kipi kinachozuia nauli hiyo kupimwa kwa kipimo hicho hicho? Abiria ataongeza shilingi chache, naam, lakini atasafirishwa na mtu aliyelala, katika gari lenye breki nzima.

Walimu, ipelekeni hesabu hii darasani. Miongoni mwa vijana walio mbele yenu wapo watakaochukua mkopo wa gari kwa kuvutiwa na tangazo la pato nono. Afadhali wajue kutofautisha nauli na faida wakiwa na chaki mkononi, kuliko wajifunze siku mwenye mkopo atakapokuja kulivuta gari.