Kwenye kompyuta mota haiungui

Wanachuo wenzangu, mimi ni wa ualimu, Fizikia na Hisabati. Mitambo si fani yangu, lakini yaliyonikuta muhula uliopita yanatuhusu wote.

Mwenzangu wa chumba anasomea uhandisi wa umeme. Alipewa kazi ya kuunda modeli ya inveta inayoendesha mota ya fezi tatu. Inveta hupokea umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri, kisha transista zake huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde mpaka mota ipate mkondo geu. Ukibadili hezi, unabadili mwendo: kwa mota ya ncha nne, hezi 50 huzungusha uwanja wa sumaku mara 1500 kwa dakika, hezi 25, mara 750. Treni yetu ya umeme ya SGR nayo hudhibitiwa mwendo kwa kanuni hiyo.

Tukashusha hezi hadi 25. Grafu ya mwendo ikashuka vizuri, tukapigiana makofi, jamaa akakusanya kazi, akapata alama nzuri.

Baadaye tukaenda karakana kumwomba fundi sanifu atujaribishie kwenye mota ndogo. Mzee akaangalia namba zetu, akacheka: "Wanangu, voltu mmeziacha pale pale?" Akatuonyesha kwa sekunde chache tu. Mota ikanguruma, amita ikapanda, akazima. Ukishusha hezi bila kushusha voltu, chuma cha mota hushiba sumaku, mkondo hupanda, waya hupata moto.

Tuliporudi kwenye modeli, grafu ya mkondo nayo ilikuwa imepanda. Hatukuwa tumeifungua! Na joto je? Modeli haikuambiwa habari za joto, kwa hiyo ilinyamaza.

Sisemi tuache simulesheni. Kuunguza transista kwenye skrini ni bure, kuunguza mezani ni hela. Scilab yenyewe hailipiwi. Ninachokataa ni kuifanya grafu ndiyo maabara, tena faili moja likideswa na darasa zima.

Nilipokuwa BTP nilifundisha mota kwa mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe umewahi kuifungua?" Nilimjibu kwa kuzungukazunguka. Jamani, ile aibu sitaki kuirudia.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke ombi moja: kila kazi ya simulesheni iambatane na saa moja ya karakana, hata kama ni mota moja kwa kundi zima, na sisi wa ualimu turuhusiwe kuingia. Mtu aandike alichotabiri, alichopima, na kwa nini vimepishana. Hapo kwenye kupishana ndipo alama zitolewe, maana hapo ndipo tunapojifunza.