Sumu inayozima nishati ya ubongo ni onyo kwa mkulima

UGONJWA wa Parkinson, unaomfanya mtu atetemeke mikono, akakamae viungo na kutembea kwa shida, umechukuliwa kwa muda mrefu kuwa sehemu ya uzee. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 40 unaonyesha kuwa wakati mwingine sumu huwa na mkono wake.

Ushahidi huo ulianzia California, Marekani, mwaka wa 1982. Waraibu kadhaa walijidunga heroini bandia, na baada ya muda mfupi wakakakamaa kama sanamu, wasiweze kusema wala kutembea. Daktari William Langston na wenzake waligundua kuwa dawa hiyo ilikuwa imechanganyika na kemikali iitwayo MPTP.

Uchunguzi uliofuata ulifichua jinsi kemikali hiyo inavyoua. Ubongo ni takriban asilimia mbili tu ya uzani wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Nishati hiyo hutengenezwa na mitokondria, vijichembe vilivyomo ndani ya seli. MPTP ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa sumu inayofanana na dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza miendo ya mwili. Seli zinazotengeneza dopamini huipokea sumu hiyo zikidhani ni mali yao. Ikishaingia, huziba hatua ya kwanza ya kuzalisha nishati katika mitokondria. Seli huishiwa nguvu na hatimaye hufa.

Seli hizo huathirika zaidi kwa sababu mzigo wao ni mzito: zina matawi mengi mno na hufanya kazi usiku na mchana. Mnamo 1989, watafiti jijini London waliripoti kuwa hatua hiyo hiyo ilikuwa imedhoofika katika bongo za watu waliofariki wakiwa na Parkinson ya kawaida.

Swala hili linamgusa mkulima moja kwa moja. Rotenoni, sumu ya mimea iliyotumiwa kuua wadudu, huziba hatua iyo hiyo. Kemikali za ukoo wake zimo katika utupa, mmea unaopondwa na kutiwa majini ili kulevya samaki katika sehemu za Afrika Mashariki. Mwaka wa 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walionyesha kuwa panya waliotiwa rotenoni kwa muda mrefu hupata dalili za Parkinson. Dhana kwamba kila kitokacho kwenye mmea ni salama, basi, haina msingi.

Parakwati, dawa ya kuua magugu, hutumia njia nyingine: huzalisha oksijeni haribifu inayochoma seli kutoka ndani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2011 ulipata kuwa waliotumia parakwati au rotenoni walielekea kuugua Parkinson mara 2.5 zaidi ya wasiozitumia. Hilo halimaanishi kuwa kila anayenyunyizia ataugua, kwani umri na urithi pia huchangia, na watengenezaji wa parakwati hupinga uhusiano huo.

Hapa ndipo penye utata wa kisera. Mahakama ya Ulaya ilifuta idhini ya parakwati mwaka wa 2007, lakini kiwanda nchini Uingereza kiliendelea kwa miaka mingi kuitengeneza na kuiuza ng'ambo. Nchini Kenya, Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe alitangaza Juni 2025 kuondolewa sokoni kwa viuatilifu 77 na kuwekewa vikwazo kwa vingine 202.

Hatua hiyo ni njema, ila orodha pekee haitoshi. Mtu aliyekunywa dawa ya magugu hufikishwa hospitalini siku iyo hiyo, na kisa chake hunakiliwa. Parkinson huja kimyakimya. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli za dopamini huwa imekwisha kufa, na dawa zilizopo hutuliza dalili tu bila kuzifufua. Mnyunyizaji anayedhurika leo huenda asionekane katika takwimu zozote kwa miaka mingi.

Kwa hivyo, serikali ikisubiri kuhesabu wagonjwa ndipo ichukue hatua, itakuwa imechelewa. Glavu, barakoa, maafisa wa kilimo nyanjani na maagizo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa mkulima vinahitajika sasa. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya athari.