Mlima Hauanguki Ghafla: Tunataka Mainjinia wa Udongo, Siyo Katapila Tu

Kuna neno moja wakubwa wetu wanalipenda sana: "ghafla." Barabara ikikatika, tangazo linatoka: mlima umeanguka ghafla, mvua imekuja ghafla, daraja limeondoka ghafla. Wanakuja na jipu, wanapiga picha, wanatoa pole, wanaahidi katapila. Mwaka unaofuata tunasikia ghafla nyingine, kilomita mbili mbele.

Sisi vijana tuliotoka Kivu, na leo tumetawanyika Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania, tunasema hapana. Mlima hauanguki ghafla. Mlima unasema kwanza. Shida ni kwamba hakuna mtu anayelipwa kuusikiliza.

Kwa hiyo hoja yetu ni hii moja tu: kila barabara ya umma inayopita milimani kwenda vijijini iwe na injinia wa jiotekniki aliyeajiriwa. Huyo ni injinia wa udongo na miamba, mtu anayejua kwa nini mteremko unasimama na lini utaacha kusimama. Awe na mkataba wa kudumu, awe na vipimo, na awe na mamlaka ya kufunga barabara. Siyo mgeni wa siku tatu anayefika baada ya mazishi.

Tukumbushane Kalehe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilishuka Rwanda, upande wa magharibi na kaskazini, milima ikaporomoka, watu zaidi ya 130 wakafa. Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4, ng'ambo ya ziwa Kivu, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Maji, matope na mawe vikashuka Nyamukubi na Bushushu, watu zaidi ya 400 wakafa, na wengi wengine hawajaonekana mpaka leo. Ziwa ni lilelile, mvua ni msimu uleule. Tunauliza tu: kati ya asubuhi ya tarehe 3 na jioni ya tarehe 4, kazi ya kuangalia milima ya Kalehe na kusema "soko la leo lisifanyike" ilikuwa kazi ya nani? Jina la cheo chake ni lipi? Mshahara wake unatoka wapi? Hatusemi injinia mmoja angezuia mvua ile. Tunasema hata nafasi ya kazi yenyewe tunaitafuta hatuioni.

Na msituambie ni mambo ya Kalehe peke yake. Barabara ya taifa namba 2, kutoka Bukavu kwenda Goma, inapita Kalehe, Minova na Sake. Sehemu nyingi upande mmoja ni mguu wa mlima, upande mwingine ni maji ya ziwa. Barabara namba 5, kutoka Bukavu kwenda Uvira, inashuka Ngomo, na kila dereva wa Kivu akisikia Ngomo anajua ni nini. Watu wengi wanaotoka Bukavu kwenda Uvira wameamua kupita Rwanda, kwa barabara ya Bugarama, halafu wanaingia tena Kongo pale Kamanyola. Fikiria: raia anavuka mpaka wa nchi mara mbili ili afike mji wa jimbo lake mwenyewe! Na mbele ya Uvira, kwenye barabara hiyohiyo, kuna kambi ya Lusenda, wanapoishi wenzetu wakimbizi wa Burundi. Barabara ikikatika, bei ya unga inapanda kwanza sokoni kwao, kabla haijapanda mahali pengine.

Hata huku tuliko hatujapona. Mei 2023, mwezi uleule wa Kalehe, mto Katonga uliharibu barabara ya Kampala kwenda Masaka, ikafungwa. Hiyo ndiyo njia kubwa ya kwenda Mbarara, na ukitaka Nakivale unapita Mbarara. Mkimbizi anakula kwa barabara. Mama mjamzito anafika hospitali kwa barabara. Mwalimu, dawa, mbegu, karatasi za mtihani, vyote vinakuja kwa barabara. Halafu mtu anasema ati hii ni habari ya mainjinia, haituhusu!

Sasa, mlima unasemaje? Mtu yeyote aliyelima kwenye mteremko anajua. Unatokea ufa juu, unafuatana na barabara. Leo unaingia kidole, baada ya mvua mbili unaingia mguu. Miti inaanza kuinama. Chemchemi inatokea mahali palipokuwa pakavu, au ile ya zamani inaanza kutoa matope. Barabara inavimba upande mmoja. Mlango wa nyumba uliokuwa unafunga vizuri unakataa kufunga.

Na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaouchokoza. Ili barabara ipate upana, katapila linakata mguu wa mlima, yaani ile sehemu iliyokuwa inauzuia usishuke. Udongo uliokatwa unamwagwa upande wa chini, juu ya mashamba ya watu. Kalavati moja inakusanya maji ya kilomita nzima na kuyatapika juu ya udongo laini. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji yanajaa ndani ya udongo na kusukuma chembe zake ziachane. Hapo hakuna tena cha kushikilia uzito. Kutoka nje unaona majani mabichi mazuri, ndani mlima umeshaanza safari.

Ndiyo maana jembe na panga peke yake havitoshi. Kongo tuna kamati za wenyeji za kutunza barabara, zile tunazoita CLER. Wale vijana na mama wanafyeka, wanazibua mitaro, wanajaza mashimo. Kazi yao ni ya maana sana, maana mtaro ulioziba ni mwanzo wa maporomoko. Lakini mtu wa CLER hana kipimo cha kujua maji yaliyo ndani ya mlima yamepanda kiasi gani. Hana mamlaka ya kusimamisha lori. Akiona ufa anamwambia chifu, chifu anamwambia mkubwa mwingine, na habari inafia njiani.

Injinia wa jiotekniki anatembea barabara nzima kwa mguu na kuipa kila sehemu iliyokatwa namba. Anatenga ile salama, ile ya kuangaliwa, ile ya hatari. Anapigilia vigingi pande mbili za ufa ili mtoto wa shule aweze kupima kwa futi na kutuma namba kwa simu. Anaweka pizometa kupima maji ya ndani. Anaweka kipimo cha mvua na kusema: mvua ikifika hapa, magari yasipite kipande hiki mpaka niseme. Anamwonyesha mkandarasi pa kutoa maji na pa kumwaga udongo kabla katapila halijawashwa. Hii ni kazi ya kila wiki. Huwezi kuifanya kwa ziara.

Kuna mahali walijifunza kwa machozi. Hong Kong, tarehe 18 Juni 1972, miteremko miwili iliporomoka siku moja, Sau Mau Ping na Po Shan Road, watu zaidi ya 130 wakafa. Sau Mau Ping waliofunikwa walikuwa watu maskini wa vibanda, watu kama sisi. Mwaka 1976 Sau Mau Ping ikaua tena, watu 18. Mwaka 1977 serikali ikaanzisha ofisi nzima ya mainjinia wa jiotekniki. Leo miteremko kama 60,000 iliyotengenezwa na watu imeandikishwa, kila mmoja una namba yake, na kuna matangazo ya hatari mvua inapozidi. Mvua haijapungua, milima ni ileile. Vifo ndivyo vilivyopungua.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tuyachukue moja moja.

"Vita kwanza viishe." Mlima hausubiri mkataba wa amani. Na kitu kimoja vita havijasimamisha ni bariyeri. Yeyote anayesimamisha gari na kuchukua pesa ya barabara, ana deni la kuiangalia barabara hiyo. Hatujali amevaa nguo gani.

"Pesa hakuna." Kongo ina FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioanzishwa mwaka 2008, unaokusanya kwenye mafuta na kwenye péage. Kila mwenye moto anayenunua lita moja amechangia. Tunaomba hesabu moja tu iwekwe mezani: mshahara wa injinia na wasaidizi wake kwa mwaka, upande wa pili kukodi katapila, mafuta yake, daraja jipya, na siku ambazo malori yanalala njiani nyanya zikioza. Wanaosema ni ghali watuonyeshe hiyo hesabu.

"Wataalamu hawapo." Wapo! Lwiro kuna kituo cha utafiti cha miaka mingi. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kinafundisha jiolojia. Maporomoko ya polepole ya Funu, katikati ya Bukavu, yamepimwa mpaka kwa satelaiti. Maarifa yamejaa kwenye ripoti, lakini mwenye maarifa hana ajira barabarani. Na kati yetu makambini wamo waliosoma jiolojia na ujenzi, leo wanauza vocha za simu.

"Siyo kazi ya mashirika." Ndugu zetu wa mashirika, hapo tunaongea na ninyi. Kule Cox's Bazar, Bangladesh, kambi za Warohingya zilijengwa juu ya vilima vya mchanga. Mwaka 2018 IOM, UNHCR na WFP waliunda mradi wa pamoja wa mainjinia wa kutunza barabara, mifereji na miteremko ya kambi. Kwa hiyo inawezekana. Tena ninyi wenyewe mnafungua barabara za vijijini kwa miradi ya kazi kwa pesa. Kila mnapokata mlima bila mtu wa jiotekniki, mnaweza kuwa mnaandaa msiba ambao mradi wa mwaka kesho utaenda kuuhudumia.

Na tafadhali, msitujibu kwa semina na fulana. "Kuhamasisha jamii" bila injinia ni kumwambia mwanakijiji: ukifa ni kwa sababu hukuhama. Ahamie wapi, na nani amempimia mahali salama?

Madai yetu ni manne.

Kwanza, kila jimbo au wilaya yenye barabara za milimani iajiri injinia wa jiotekniki wa kudumu, na orodha ya miteremko hatari ibandikwe sokoni, stendi na kanisani.

Pili, awe na haki ya kufunga barabara mvua inapozidi, bila kuomba ruhusa kwa mtu anayeishi kwa pesa ya bariyeri.

Tatu, vijana wa CLER na vijana wakimbizi wafundishwe kusoma vigingi na vipimo vya mvua, na walipwe. Macho ya bure yanachoka.

Nne, hakuna mfadhili alipe barabara mpya ya mlimani kama bajeti haina mtu wa kuuangalia mlima baada ya utepe kukatwa.

Siku tukirudi nyumbani, hatutarudi kwa ndege. Tutarudi kwa malori, na watoto na magodoro, kwa barabara hizihizi, labda msimu wa mvua. Kwa hiyo wewe mwenye kiti kwenye kikao cha barabara, uwe wa serikali au wa shirika, kikao kijacho uliza swali moja: pale juu ya barabara, nani anaangalia, na analipwa na nani? Jibu likipatikana tuletee. Likikosekana, tuletee pia, tutaliandika hapa.