Jibu la Udahili Liwe na Tarehe

Mgonjwa anayechukuliwa kipande cha nyama ya uvimbe ili kichunguzwe kama kina saratani hapaswi kuondoka hospitalini bila kujua arudi lini na amwone nani. Sampuli ikikutwa haitoshi au imeharibika, maabara hutakiwa kusema hivyo na kuandika sababu, ili nyingine ichukuliwe. Tarehe haimwondolei hofu, lakini huipa hofu hiyo mpaka, naye huweza kupanga nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza. Mtumishi wa afya anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili mara nyingi hapewi heshima hiyo. Hupokea ujumbe kwamba maombi yake yamefika, kisha hufuata kimya. Hajui kama kimya hicho maana yake ni kukataliwa, kuwekwa katika orodha ya akiba, au jalada lake kusahauliwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika programu za taaluma mtambuka, yaani zile zinazokusanya fani mbili au zaidi katika shahada moja: Afya Moja, maadili ya tiba, uchumi wa afya, infomatiki ya afya na nyinginezo. Haja ya masomo ya namna hiyo si ya jana. Mwaka 1848 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitumwa Silesia ya Juu kuchunguza mlipuko wa tifasi, homa inayoenezwa na chawa. Taarifa aliyorejea nayo haikuishia kwenye dawa. Ilizungumzia elimu, barabara, kilimo na haki ya wananchi kujiamulia mambo yao. Karibu zaidi na nyumbani, Machi 2023 Tanzania ilipotangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, tiba ya wodini ilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Virusi vya ugonjwa huo hubebwa na popo walao matunda. Kuukabili huhitaji wataalamu wa maabara, watu wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa, watu wa kuzungumza na familia kuhusu mazishi, na wajuzi wa wanyamapori. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo huo.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba waombaji wa programu hizi ndio walio katika hatari kubwa ya kupotelea njiani. Jalada la anayeomba ubingwa wa upasuaji lina mwenyewe, nayo ni idara ya upasuaji. Jalada la mwanasheria anayeomba maadili ya tiba, au la daktari wa mifugo anayeomba Afya Moja, huweza kuzunguka kati ya idara mbili, kila moja ikidhani kwamba mwenye kauli ya mwisho ni mwenzake. Ugumu huongezeka pale vyeti visipolingana. Nchini Tanzania shahada ya udaktari wa tiba haigawanywi katika madaraja, ilhali shahada ya sheria au ya sosholojia hugawanywa. Kuwapima waombaji hao kwa mizani moja kwahitaji kikao cha watu wenye subira, na kikao kama hicho kikikosa tarehe huahirishwa kwa wepesi.

Kungoja huko hakumgusi mwombaji peke yake. Mtumishi wa umma hawezi kwenda masomoni bila ruhusa ya mwajiri, na mwajiri hutaka kuona barua ya udahili. Mfadhili naye huitaka barua hiyo hiyo. Mwaka wa masomo wa vyuo vingi nchini huanza Oktoba au Novemba. Muuguzi wa kituo cha afya cha wilaya akipata barua wiki mbili kabla ya masomo kuanza, njia zilizobaki ni mbili, na zote ni mbaya. Akiondoka kwa haraka, kliniki ya wajawazito hubaki na pengo katika ratiba ya zamu kabla hajapatikana wa kumrithi. Akibaki, nafasi hupotea, na wilaya hukosa mtaalamu ambaye ingempata baada ya miaka miwili. Katika hali zote mbili anayelipa gharama ni mgonjwa, ambaye hajui hata kwamba kuna barua iliyochelewa.

Kusubiri kwa muda mrefu si lazima kuwe mateso. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, unaoombwa pia na watumishi wa afya wa Afrika Mashariki, hufungua maombi mwezi Agosti na kutoa majibu ya mwisho takribani Juni ya mwaka unaofuata. Mwombaji hutakiwa kuwa na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kutaja kozi tatu, na kupata nafasi isiyo na masharti katika chuo kimojawapo, kwa kawaida ifikapo Julai. Miezi kumi ni mirefu, lakini ina vituo vinavyojulikana: mchujo, usaili, jibu. Mtu anayejua vituo vya safari huweza kuendelea na kazi yake kwa utulivu, na mganga mfawidhi huweza kupanga zamu mapema.

Wapo watakaosema kwamba vyuo vina maombi mengi na watumishi wachache, na kwamba orodha ya akiba haiwezi kufungwa mapema kwa kuwa haijulikani ni wangapi kati ya waliochaguliwa watapata karo. Hoja hizo ni za kweli. Hata hivyo maabara nazo zina sampuli nyingi na watumishi wachache, na hakuna anayekubali kwamba hiyo ni sababu ya kumnyima mgonjwa tarehe ya majibu. Aidha, kumwambia mwombaji kwamba yumo katika orodha ya akiba, kwamba nafasi hutegemea karo za wengine, na kwamba orodha itafungwa siku fulani, hakuhitaji fedha wala kikao kipya.

Mambo matatu yangetosha kwa kuanzia. La kwanza ni tarehe: kila tangazo la maombi litaje siku ambayo jibu litatolewa, na jibu likichelewa, tarehe mpya itangazwe kabla ya ile ya kwanza kupita. La pili ni mwenye jalada: kila programu ya taaluma mtambuka iwe na mratibu mmoja mwenye mamlaka ya kuitisha idara zote mbili, na mwombaji ajue ofisi ya kuulizia. La tatu ni sababu: anayekataliwa aambiwe kwa sentensi moja alipopungukiwa, iwe ni alama, uzoefu, barua za wadhamini au uhaba wa nafasi. Sampuli iliyokataliwa bila maelezo hurudi mara ya pili na kasoro ile ile. Ndivyo yalivyo maombi.

Waombaji nao wana wajibu wao. Barua ya kujieleza isijae sifa za mwandishi. Ieleze tatizo moja aliloliona kazini, na kwa nini fani moja haitoshi kulitatua. Mwajiri aarifiwe kabla ya maombi kutumwa ili jina liingie katika mpango wa mafunzo wa taasisi, na shamba au kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya karo kabla ya barua kupatikana. Tarehe iliyotajwa ikipita, kuuliza kwa maandishi ni haki ya mwombaji, wala si utovu wa adabu.

Wahenga walisema subira yavuta heri, na wanaosubiri hukumbushwa methali hiyo kila siku. Haikutungwa ili iwe kinga ya ofisi isiyojibu. Vyuo vya afya hufundisha wanafunzi wao kwamba kumpa mgonjwa habari kwa wakati ni sehemu ya tiba. Somo hilo lingeaminika zaidi kama mwanafunzi angelionja tangu siku anapobisha hodi. Dirisha la maombi lijalo litakapofunguliwa, tarehe ya jibu iandikwe katika tangazo lenyewe, karibu na tarehe ya mwisho ya kuomba.